Watoto, Kodi na Machozi ya Hana

Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka A



Familia Takatifu tunayoiadhimisha leo ilikuwa familia ya mtoto mmoja. Katika somo la kwanza Yoshua bin Sira anamwagiza mtoto asimwache baba yake wakati wa uzee, hata kama akili za mzee zimeanza kupungua. Katika Injili Yosefu anaamka usiku, anamchukua Mtoto pamoja na mama yake, anakimbilia Misri, kwa sababu mtawala wa nchi yake anamtafuta Mtoto amwangamize. Basi leo tunaye mzee anayemhitaji mtoto, na tunaye mtoto aliyehitaji serikali njema akaikosa. Kutokana na hao wawili nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisemwi mara nyingi mimbarini, nalo ni fedha. Je, mfuko wa serikali, yaani kodi ya wananchi wote, una wajibu wa kuwasaidia waliokosa watoto ili wawapate, na wale wenye watoto wengi ili wawalee?

Najua wako watakaouliza: Padre na kodi wapi na wapi? Lakini mwinjili Luka mwenyewe hakuona haya kutuambia kwamba Bikira Maria alijifungua safarini kwa sababu serikali ilitaka watu waandikishwe. Mkombozi alizaliwa katikati ya shughuli ya serikali ya kuhesabu watu wake. Nasi katika Sensa ya mwaka 2022 tulihesabiwa tukaonekana kuwa 61,741,120. Anayehesabiwa ana haki ya kuuliza anahesabiwa kwa faida gani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiihudumia, tuliadhimisha Siku ya Akina Mama. Mwishoni mwa Misa niliwaomba akina mama wote wasimame ili tuwapigie makofi na kuwabariki. Walisimama, vigelegele vikasikika hadi barabarani. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya wa siku nyingi, alibaki ameketi katikati ya wenzake waliosimama. Mimi sikumwona. Jioni katekista wangu, mzee mwenye busara, aliniambia kwa upole: "Baba Paroko, leo tumemwumiza mtu."

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Yeye na mumewe walikuwa katika mwaka wa kumi na nne wa ndoa. Walinipokea vizuri, wakanikaribisha chai, tukazungumza habari za mvua na za shule. Kisha mama huyo akasema maneno ambayo kwa ruhusa yake nawasimulia: "Padre, mimi sina kinyongo nawe. Ila nina swali. Kila mwezi kodi inakatwa katika mshahara wangu kabla sijaushika. Inasomesha watoto wa wenzangu, nami nafurahi, maana ndio ninaowafundisha. Je, kodi hiyo haiwezi hata siku moja kunirudia mimi?" Mumewe aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Nami nilikosa la kujibu.

Juma lilelile tulikuwa na kikao cha halmashauri ya parokia. Tulikuwa tukiwahimiza waamini wajiunge na Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mzee mmoja mwenye watoto wanane akasimama. "Baba Paroko, kadi hiyo kaya yake ni ya watu sita. Mimi na mama yao na watoto tuko kumi. Naomba halmashauri inisaidie kuchagua wanne wa kuwaacha." Wajumbe walicheka. Yeye hakucheka.

Malalamiko hayo mawili, ya mwenye kukosa na ya mwenye kujaliwa, yalielekea kwenye mfuko uleule, na ndiyo maana nayatazama kwa pamoja.

Juu ya machozi ya mwalimu yule, Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofanana nayo sana. Mwanzoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunamkuta Hana, mke wa Elkana. Mke mwenzake, Penina, alimchokoza mwaka hata mwaka kwa kuwa hakuzaa. Mumewe alimpenda, akajaribu kumtuliza kwa kumkumbusha kwamba yeye ni bora kwake kuliko watoto kumi. Neno hilo lilikuwa la upendo, ila halikukausha chozi hata moja. Naye kuhani Eli, alipomwona akisali midomo ikitikisika bila sauti, alidhani amelewa. Mapadre na makatekista wenzangu, tujisome humo. Katika kisa kile Penina anadhihaki, mume anabembeleza, na mtu wa altareni anakosea kabisa kuutambua ugonjwa.

Ugonjwa, nimesema, na nimelichagua neno hilo kwa makusudi. Katika vijiji vyetu utasa huitwa laana, hurogwa, hulipizwa kisasi cha mizimu, na karibu kila mara mwenye kubebeshwa mzigo huo ni mwanamke. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba duniani kote yapata mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Madaktari wanatufundisha kwamba mara nyingi sana tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Tena katika Afrika yetu sababu kubwa ni mirija ya uzazi iliyoziba kutokana na maambukizi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, homa baada ya kujifungua pasipo usafi, na utoaji mimba wa kificho. Hayo yote yanazuilika, na mengi yanatibika yakiwahiwa.

Hapa historia yetu wenyewe inatufundisha jambo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini zilikuwako sehemu za Afrika ya Kati na za Maziwa Makuu, Buhaya na Buganda zikiwamo, ambako wanawake wengi hawakupata watoto, au walipata mmoja wakaishia hapo. Wazee walitoa maelezo mengi. Lakini penisilini ilipoanza kuenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, katika zahanati za serikali na za misioni, magonjwa yaliyokuwa yakiharibu vizazi yalipungua, na watoto wakaanza kuonekana katika nyumba zilizokuwa kimya. Hakuna aliyeuliza wakati ule kama ni halali fedha za umma kununua dawa ya kumpa mtu uzazi. Ilikuwa tiba kama tiba nyingine.

Kwa hiyo nasema bila kusitasita kwamba kodi na ilipe hapo. Mke na mume wanaotafuta mtoto wapimwe wote wawili katika hospitali ya umma, watibiwe maambukizi, wafanyiwe upasuaji wa kuzibua mirija au kuondoa uvimbe, wapewe dawa za kurekebisha vichocheo vya mwili, nao wasilazimike kuuza shamba kwa ajili hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayasifu waziwazi matendo ya sayansi yanayolenga kupunguza utasa. Bima ya afya inayolipia jino lililotoboka itakosaje kulipia mirija iliyoziba?

Lakini lipo swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Tangu tarehe 25 Julai 1978, alipozaliwa Uingereza mtoto Louise Brown, wanadamu wanaweza kukutanisha yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume katika chombo cha maabara, kisha kulipandikiza katika tumbo la mama. Mama Kanisa, katika maagizo ya Donum Vitae ya mwaka 1987 na tena Dignitas Personae ya mwaka 2008, anafundisha kwamba njia hii haifai, hata kama yai na mbegu ni vya mume na mke waliofunga ndoa. Mtoto anastahili kutokea katika tendo la upendo la wazazi wake, na si katika kazi ya fundi, hata awe fundi mwema kiasi gani. Tena katika kazi hiyo hutengenezwa viinitete vingi kuliko vitakavyopandikizwa. Vinavyobaki hugandishwa katika baridi kali, au hutupwa. Sisi tunaosadiki kwamba uhai wa binadamu huanza pale unapotungwa hatuwezi kutazama pembeni.

Nayasema haya nikijua kwamba katika nyumba zinazotusikiliza wamo waliopitia njia hiyo, na pengine mtoto wao amelala sasa hivi karibu na redio. Mtoto huyo ni sura ya Mungu kama wewe na mimi. Abatizwe, apendwe, na katekista yeyote asithubutu kumnong'oneza. Nao wazazi hao wasikimbie kanisani, waje tuzungumze.

Je, kodi ilipie njia hiyo? Tazameni Polandi, nchi ya Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Mwaka 2013 serikali ya huko ilianza kuigharimia. Mwaka 2016 serikali nyingine ikafuta mpango ule. Mwaka 2024, kuanzia mwezi Juni, ukarudishwa kwa sheria, nao hutengewa zloti zisizopungua milioni 500 kila mwaka. Maaskofu walipinga, wabunge wengi wakaunga mkono, na Wakatoliki wenyewe waligawanyika.

Nchini kwetu Hazina si mali ya Wakatoliki. Waislamu wanachangia, ndugu zetu wa madhehebu mengine wanachangia, na masheikh wengi hawaikatazi njia hiyo iwapo ni baina ya mume na mke wake. Siwezi kumwambia waziri wa fedha afuate Katekisimu kwa sababu tu ni Katekisimu. Ninaloweza kumwambia ni jambo ambalo kila mwenye akili anaweza kulipima. Jaribio moja hugharimu mamilioni ya shilingi, na mara nyingi halifanikiwi. Mama wa kijijini ambaye hajawahi kulipwa mshahara naye ni mlipa kodi: hulipa kila anunuapo sabuni na vocha ya simu. Atalipia maabara ya mjini, hali zahanati ya kwao haina hata kipimo cha ugonjwa uliomzibia mirija binti yake? Kwanza hiyo zahanati. Na mwananchi anayeona katika dhamiri yake kwamba viinitete ni watu asilazimishwe kununua friji ya kuwagandishia.

Mwalimu wangu hakufurahishwa na jibu hilo. Alisema kwake yeye, mwenye miaka thelathini na tisa, neno "kwanza" maana yake ni "kamwe." Sikumbishia. Ni kweli kwamba utaratibu wa haki kwa nchi nzima unaweza kumchelewesha mtu mmoja hadi mlango wake ufungwe, na sitajifanya kwamba uchungu huo unakwisha kwa sababu hoja yangu ni nzuri.

Sasa nije kwa mzee wa watoto wanane.

Mwaka 1916, katika mji wa Grenoble huko Ufaransa, mhandisi mmoja Mkatoliki aitwaye Émile Romanet alitembelea nyumba za wafanyakazi wa kiwanda alichokisimamia. Aliona kwamba mshahara uleule uliomtosha kijana asiye na mke uliwaacha watoto wa mwenzake na njaa. Akamshawishi tajiri wa kiwanda awape wenye watoto posho ya nyongeza. Lakini likatokea tatizo: ikiwa kila tajiri atalipa posho kutoka mfukoni mwake, atamkwepa mwenye watoto wengi na kumwajiri asiye nao. Ndipo mwaka 1918 wenye viwanda wa mji ule wakaunda mfuko wa pamoja. Kila mmoja alichangia, na posho ikatoka katika mfuko, si kwa tajiri wa mtu. Mwaka 1932 sheria ya Ufaransa ikawalazimisha waajiri wote kufanya hivyo.

Naupenda mfano huu kwa sababu ulianzia katika kutembelea nyumba za watu, kama tufanyavyo katika jumuiya ndogondogo. Tena unatusaidia kuisoma sheria yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Lakini inamlazimu mwajiri kutoa likizo hiyo kwa uzazi wa mara nne tu. Wa tano je? Kichanga cha tano hunyonya maziwa kama alivyonyonya wa kwanza. Kanisa, katika Mkataba wa Haki za Familia uliotolewa na Makao Makuu ya Kipapa mwaka 1983, linadai kwamba wenye familia kubwa wapate msaada wa kutosha wala wasibaguliwe. Naye Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alitaka mshahara utoshe familia, au sivyo pawepo posho za kuwasaidia akina mama.

Wako watakaonijibu kwamba hayo ni ya Ulaya, ambako watu wanapungua. Sisi tulikuwa chini kidogo ya milioni 45 mwaka 2012, na baada ya miaka kumi tumepita milioni 61. Tukilipia familia kubwa, tutamaliza nchi. Hofu hiyo siidharau. Shule zetu zimefurika tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwalimu yule wa kwaya anaweza kuwaeleza maana ya kufundisha darasa la watoto zaidi ya mia moja. Lakini tujifunze kwa waliojaribu. Polandi ilianza mwaka 2016 kuwapa wazazi zloti 500 kwa mwezi kwa mtoto, na tangu mwaka 2024 zimekuwa 800. Mwaka 2017 walizaliwa watoto kama 402,000; mwaka 2024 walizaliwa 252,000 hivi. Hungaria iliwasamehe kodi ya mapato akina mama wenye watoto wanne kuanzia mwaka 2020, ikazifanya huduma za kutafuta uzazi kuwa za bure. Wastani wa watoto kwa mama ulipanda kutoka 1.2 mwaka 2011 hadi karibu 1.6 mwaka 2021, kisha ukashuka tena hadi karibu 1.4 mwaka 2024. Wastani wetu, kwa utafiti wa mwaka 2022, ni 4.8.

Maana yake ni kwamba serikali haiwezi kununua watoto. Fedha haikuijaza mitaa ya Warszawa watoto wachanga, wala sioni kwa nini kadi ya bima ya watu kumi iwafanye watu wa Sumbawanga wazae kumi. Ila fedha ile ilipunguza umaskini wa watoto waliokwisha kuzaliwa Polandi, na hilo ndilo lililo muhimu kwangu. Mtoto wa nane hakuomba kuwa wa nane. Anapougua malaria hatumwulizi amezaliwa wa ngapi.

Neno moja kwa akina baba, tena bila kupakwa asali. Kanisa linaposifu familia kubwa halimsifu mwanamume aliyetawanya watoto kwa wanawake watatu, asijue hata mmoja wao yuko darasa la ngapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano na Papa Paulo wa Sita walisema juu ya uzazi unaowajibika: mume na mke kupima pamoja, mbele ya Mungu, afya yao, hali yao na mahitaji ya watoto walio nao. Kwa sababu hiyo naunga mkono posho yoyote iwekwe mkononi mwa mama. Wenye uzoefu wa ruzuku za TASAF wataelewa ninachosema.

Tena turudi kwa Yoshua bin Sira. Yeye anawaza mzee aliye na mtoto. Mwalimu asiye na mtoto atatunzwa na nani? Atatunzwa na muuguzi aliyesomeshwa kwa kodi yake, na pensheni yake italipwa na michango ya vijana ambao leo anawafundisha kusoma. Watoto wanane wa mzee yule ni watoto wake pia, kwa namna ambayo Hazina inaweza kuiandika katika vitabu vyake. Nilipomweleza hivyo alitabasamu kidogo, akasema: "Basi, Padre, mwambie mzee anitumie hata mmoja aje anichotee maji." Nilimwambia, na kuanzia wiki ile alikuwa akija wa sita, binti, siku za Jumamosi.

Mume alikubali hatimaye kwenda kupimwa, jambo alilolikataa kwa miaka kumi na mitatu. Majibu yake ni siri yao. Mtoto hawajapata hadi leo. Halmashauri ya parokia ilianzisha mfuko mdogo wa kulipia matibabu ya watoto ambao kadi ya bima haikuwafikia. Hutoshi, na kila robo mwaka tunadaiwa na duka la dawa. Barua ya kuomba hesabu ya kaya itazamwe upya tuliiandika mara mbili, na mwandishi alikuwa mwalimu yuleyule, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote.

Nayo Siku ya Akina Mama siku hizi simsimamishi mtu. Nawabariki wote wakiwa wameketi.

Tumsifu Yesu Kristo.